Mundu Katika Damu: Jinsi Malaria Ilivyochagua Watu wa Pwani na wa Ziwa

Mkulima yeyote ajua ya kuwa shamba moja halina mabua mawili yaliyo sawasawa. Moja huwa refu na jingine fupi; moja hustahimili ukame na jingine hunyauka jua la kwanza likipiga. Mvua ikikosekana, mabua yasiyostahimili hufa kabla ya kuzaa, na mbegu za mwaka ujao hutoka katika yale yaliyosalia. Hapana mtu aliyeyachagua. Ukame wenyewe ndio uliochagua. Jambo hilo ndilo lililoelezwa na Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, ambao maandishi yao yalisomwa mbele ya chama cha wataalamu mjini London mwaka 1858. Darwin aliliita uchaguzi wa maumbile, akalifafanua kwa urefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata.

Watu wengi wakisikia habari hizo hudhani ni mambo ya kale mno, ya mifupa iliyogeuka mawe au ya ndege wa visiwa vya mbali. Lakini mmojawapo wa mifano iliyo wazi kabisa, tena katika wanadamu wenyewe, ulionekana hapa Afrika ya Mashariki, ndani ya damu ya watu wa Pwani ya Kenya, wa Nyanza, na wa Uganda. Nao ulianza kujulikana kwa njia ya ugonjwa uitwao selimundu.

Ugonjwa wenyewe

Katika tone moja la damu mna mamilioni ya chembe nyekundu. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuieneza mwilini kote. Chembe iliyo nzima ni ya mviringo, kama kisahani kilichobonyea katikati, nayo hupinda na kunyumbuka ikapita katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Lakini chembe za mwenye selimundu zikiisha kutoa oksijeni yake hugeuka umbo, zikawa ngumu na zenye ncha, mfano wa mundu wa kukatia majani. Ndipo jina lilipotoka. Chembe za namna hiyo hukwama mishipani kama magogo katika mlango wa mto. Mtoto hushikwa na maumivu makali ya mifupa, vidole vyake vya mikono na miguu huvimba, macho huwa ya manjano, na damu humpungukia, kwa kuwa chembe nzima huishi kadiri ya siku 120, bali hizo za mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20 hivi.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu haukuwa na jina katika nyumba nyingi. Watoto walikufa wangali wachanga, na vifo vyao vikahesabiwa kuwa vya malaria, au vikadhaniwa vimeletwa na uchawi. Mara nyingi lawama zote alitupiwa mama. Hilo lilikuwa dhuluma tupu, maana ugonjwa huu hauwezi kumpata mtoto asipourithi kwa baba na kwa mama pia.

Daktari wa kwanza kuueleza katika maandishi ya kitaalamu alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, aliyeziona chembe hizo katika damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha ya kwamba kasoro imo katika himoglobini, kitu kile kinachoipa damu wekundu wake na kuishika oksijeni. Mwaka uo huo James Neel, naye wa Marekani, na Beet, aliyekuwa akifanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kila mmoja kwa upande wake alieleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa.

Maelezo yao si magumu. Kila mtu ana jeni mbili zenye maagizo ya kutengeneza sehemu hiyo ya himoglobini, moja ameipata kwa baba na moja kwa mama. Aliye na jeni mbili nzima hana neno. Aliye na jeni moja nzima na moja ya mundu huitwa mchukuzi: ameuchukua urithi huo pasipo kuugua, na aweza kuishi hata uzee bila kujua. Aliye na jeni mbili za mundu ndiye mgonjwa. Wachukuzi wawili wakioana, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuwa mgonjwa, nafasi mbili katika nne za kuwa mchukuzi kama wazazi wake, na nafasi moja ya kutokuwa na jeni hiyo kabisa. Wala haifai kudhani kuwa wakiisha kupata mtoto mmoja mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa salama. Kila mimba ni bahati mpya, kama sarafu inayorushwa upya.

Kosa lenyewe ni dogo ajabu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, mtaalamu wa Cambridge, alionyesha kuwa katika mnyororo wa himoglobini wenye pingili 146, ni pingili moja tu, ya sita, iliyobadilika. Katika maagizo ya jeni ni sawa na herufi moja iliyoandikwa vingine.

Fumbo la Daktari Allison

Hapo palitokea swali gumu. Katika siku za zamani, karibu watoto wote wenye jeni mbili za mundu walikufa kabla ya kuzaa. Kila mmoja wao alipokufa, alikwenda kaburini na jeni zake mbili. Basi kwa nini jeni hiyo haikupungua kizazi baada ya kizazi hata ikatoweka? Badala ya kutoweka, ilionekana kuwa nyingi mno. Miongoni mwa Waamba, wakaao chini ya milima ya Ruwenzori katika Uganda, karibu watu 40 katika kila 100 walikuwa wachukuzi.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akalelewa katika Kenya, kisha akasomea udaktari Oxford. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Yeye alizunguka nchini akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Katika kuzipima aliona jambo la kushangaza. Miongoni mwa watu wa karibu na bahari na wa karibu na Ziwa Victoria, wachukuzi walizidi 20 katika kila 100. Miongoni mwa watu wa nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100.

Tofauti hiyo haikufuata lugha wala asili ya makabila. Wagiriama wa Pwani ni Wabantu na Wajaluo wa Nyanza si Wabantu, lakini wote walikuwa na jeni hiyo kwa wingi. Wakikuyu ni Wabantu kama Wagiriama, nao hawakuwa nayo ila kidogo sana. Kilichofuatwa ni mbu. Mahali penye joto na maji, penye malaria mwaka mzima, jeni ilikuwa nyingi. Mahali pa juu penye baridi, ambapo mbu wa malaria hawastawi, ilikuwa haba. Mtaalamu mwingine, J. B. S. Haldane, alikuwa amewaza jambo la namna hiyo kuhusu ugonjwa mwingine wa damu ulioko kando ya bahari ya Mediterania, lakini wazo bila ushahidi haliwezi kusimama peke yake.

Allison alirudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953 kuutafuta ushahidi. Katika Buganda alipima damu za watoto 290. Watoto 43 walikuwa wachukuzi, na kati yao 12 walikuwa na vijidudu vya malaria, yaani kama 28 katika kila 100. Watoto 247 hawakuwa wachukuzi, na kati yao 113 walikuwa na vijidudu, yaani kama 46 katika kila 100. Kisha akafanya jaribio lililo zito zaidi. Wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria kusudi, 15 wakiwa wachukuzi na 15 wasio wachukuzi. Katika wale wasio wachukuzi, 14 walishikwa. Katika wachukuzi, wawili tu. Jaribio kama hilo leo lingepingwa vikali, na kwa haki, hata kama waliojitolea walikubali na hata kama dawa ilikuwapo. Yafaa ikumbukwe ya kuwa elimu hii, inayofundishwa sasa katika vyuo vya ulimwengu mzima, ilipatikana kwa miili ya wanaume hao ambao majina yao hayatajwi vitabuni.

Habari hizo zilichapishwa mwaka 1954 katika gazeti la madaktari la Uingereza. Wataalamu wengine hawakuzikubali upesi, lakini miaka ilivyopita ushahidi ulizidi kuongezeka. Ushahidi wenye nguvu sana umetoka Kilifi, ambako KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa na kituo cha uchunguzi tangu mwaka 1989. Hesabu zilizotolewa huko mwaka 2005 zilionyesha kuwa watoto wachukuzi walipungukiwa na malaria ndogo kwa nusu, na ile malaria kali iuayo kwa karibu sehemu 90 katika 100. Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ili kuzaana humo. Katika damu ya mchukuzi, chembe iliyoingiliwa hugeuka mundu upesi kuliko nyingine, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Tena penye oksijeni kidogo kijidudu hakikui vizuri katika chembe hizo.

Hesabu ya kijiji kimoja

Jambo hili laweza kufahamika kwa hesabu ya shule. Chukua watoto 100 waliozaliwa mahali ambapo jeni moja katika kila kumi ni ya mundu. Kwa kanuni za urithi, watoto 81 watakuwa na jeni nzima mbili, 18 watakuwa wachukuzi, na mmoja atakuwa mgonjwa. Yule mgonjwa, pasipo matibabu, hufa. Sasa malaria ije, iwaue 9 katika wale 81, na iwaache wachukuzi wote. Watakaokua ni 72 na 18, jumla 90. Watu 90 wana jeni 180, na kati ya hizo za mundu ni 18. Ni moja katika kumi vilevile, kama ilivyokuwa mwanzo!

Basi jeni ilipotea kwa kifo cha yule mmoja, ikarudishwa kwa vifo vya wale tisa. Mizani imesimama. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini ndivyo ilivyokuwa vijijini kwa maelfu ya miaka, na kila tarakimu ndani yake ilikuwa mtoto aliyezikwa.

Sasa iondoe malaria. Watakua 81 na 18, jumla 99, wenye jeni 198, na za mundu ni 18: moja katika 11. Kizazi kitakachofuata itakuwa moja katika 12, kisha moja katika 13, na baada ya vizazi kumi itakuwa moja katika 20. Jeni hupungua, lakini polepole sana. Ndiyo sababu miongoni mwa watu weusi wa Marekani, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika miaka mia kadhaa iliyopita, mtu mmoja katika kila 13 hivi angali mchukuzi, ingawa malaria ilikwisha ondolewa katika nchi ile katikati ya karne ya 20.

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya. Husemwa kwamba mwili wa Mwafrika ulijibadili ili kujilinda na malaria. Sivyo. Mwili haukujua kitu, wala jeni haina shauri. Herufi ile ilikosewa kwa bahati tu, katika mtu mmoja, kama herufi nyingine zinavyokosewa kila siku katika watoto wanaozaliwa, nyingi bila faida wala hasara. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kuwa kosa hilo lilitokea Afrika miaka 7,300 hivi iliyopita. Kama lingetokea penye baridi pasipo na mbu, lingekufa bila kujulikana. Lilipotokea penye malaria, waliokuwa nalo walizaa watoto wengi waliokua, na watoto wao vilevile. Kwanza ni tofauti zinazozaliwa kwa bahati, ndipo mazingira yakachagua.

Tena si ugonjwa tu unaochagua. Watu wazima wengi duniani hawawezi kunywa maziwa mabichi pasipo kuumwa na tumbo. Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania huyanywa maisha yao yote, na mwaka 2007 iligunduliwa kuwa wengi wao wana badiliko la jeni ambalo si lile la Wazungu wanywao maziwa, bali jingine, lililoenea katika miaka elfu chache tangu ng'ombe walipoingia nchi hizi. Watu wawili mbali mbali walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Kijidudu nacho huchaguliwa

Ingekuwa kosa kudhani kuwa mwanadamu peke yake ndiye apitaye katika ungo huo. Kijidudu cha malaria huzaana upesi mno, na kwa hiyo hubadilika upesi kuliko mtu. Dawa ya klorokwini iliponya mamilioni. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1950, mpakani mwa Thailand na Kambodia, vilionekana vijidudu visivyokufa kwa dawa hiyo, na kufika mwaka 1978 vimekwisha kuonekana Kenya na Tanzania. Kila mgonjwa aliyemeza klorokwini aliviua vilivyo dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu. Serikali ya Kenya iliiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 1998. Malawi iliiacha mapema zaidi, mwaka 1993, na huko likatokea jambo lililowafurahisha wataalamu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa klorokwini iliponya tena karibu watoto wote waliojaribiwa. Pasipo dawa, usugu ulikuwa mzigo bure, na vijidudu vya kawaida vilivishinda vile vilivyoubeba. Hesabu ni ile ile ya jeni ya mundu mahali pasipo mbu.

Lililo la ajabu zaidi lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022, kutokana na damu za watoto wa Kenya na wa Gambia. Ilionekana kuwa baadhi ya vijidudu vya malaria vina mabadiliko yanayoviwezesha kuwashika hata watoto wachukuzi, na mabadiliko hayo ni mengi zaidi katika nchi zenye wachukuzi wengi. Ngao ilipoenea, mkuki nao ulinolewa.

Nayo ngao si moja. Katika Kilifi kuna aina ya damu iitwayo Dantu, isiyoonekana kwa wingi ila katika Afrika ya Mashariki. Chembe za mwenye Dantu zina ngozi iliyokazika kidogo, na kijidudu hushindwa kupenya. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulieleza kuwa mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa sehemu 74 hivi katika 100. Tofauti na mundu, haijaonekana kumdhuru.

Wachumba na wazazi

Haya yote yanamhusu kijana anayetaka kuoa leo. Katika mwaka 2021 pekee walizaliwa duniani watoto 515,000 hivi wenye selimundu, na zaidi ya robo tatu kati yao katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Kujua kama mtu ni mchukuzi kwataka tone la damu na kipimo ambacho hospitali kubwa zinacho. Wachumba wote wawili wakionekana kuwa wachukuzi, hakuna sheria inayowakataza kuoana, wala si aibu kwao. Lakini ni heri wajue mapema, ili mtoto wao akizaliwa apimwe katika siku za kwanza, kabla maumivu hayajaanza.

Mtoto aliyejulikana mapema aweza kusaidiwa sana. Hupewa penisilini kila siku katika miaka ya kwanza, hudungwa chanjo zake zote, hunyweshwa maji kwa wingi, na hulazwa ndani ya chandarua. Jambo la chandarua halifai kupuuzwa hata kidogo, kwa sababu kinga ile ni ya mchukuzi, si ya mgonjwa. Malaria ikimpata mtoto mwenye selimundu ni hatari kubwa kwake, maana damu yake ni haba tangu hapo. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda, na wa Kilifi katika Kenya, na mwaka 2019 matokeo yalitangazwa: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo pia. Hata malaria ilipungua.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu matibabu mapya, ambayo kwayo chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, jeni zake hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini. Gharama yake katika Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Kwa mzazi wa Kilifi au wa Siaya, yaliyo karibu ni tone la damu la kupimwa, chandarua, penisilini, na kidonge cha haidroksiyurea pale kinapopatikana.